Jadak wa Canterbury

Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi tarehe 7 Oktoba 2021, vyombo vya habari vya Kiswahili viliafikiana juu ya kila kitu isipokuwa mtu mwenyewe. Huyu alisema ni Mtanzania. Yule akasahihisha: Mzanzibari, na kwa watu wa Unguja hayo si mamoja. Wa tatu akakumbusha kwamba sheria ya Tanzania haitambui uraia pacha, kwa hiyo aliyekwisha kuchukua pasipoti ya Uingereza ni Mwingereza mzaliwa wa Zanzibar, basi. Palipokosekana maafikiano likachomekwa neno lisilomuudhi mtu: mwandishi mhamiaji.

Neno hilo ndilo ninalolishtaki hapa. Si tusi, wala si kosa la kamusi. Kosa lake ni kwamba linasema jambo ambalo anayelitumia hakusudii kulisema.

Tulivue nguo kidogo. Kuhama ni kuondoka mahali. Mtu huhama nyumba, huhama kijiji, na kwetu Kenya huhama chama kila baada ya miaka mitano. Ukitia kauli ya kutendea unapata kuhamia, na macho yanageuka: sasa tunatazama kule anakofikia. Amehama Siaya, amehamia Kisumu. Safari ni ile ile. Msemaji ndiye aliyevuka barabara akasimama upande wa pili. Kisha juu ya hapo tukabandika -ji, tamati ya mazoea. Mwimbaji si mtu aliyeimba mara moja arusini, wala mchezaji si mjomba aliyepiga penalti moja siku ya wazazi shuleni. Mhamiaji, kwa sarufi yetu wenyewe, ni mtu ambaye shughuli yake ya kila siku ni kuhamia. Gurnah alizaliwa mwaka 1948, akaondoka Zanzibar akiwa na miaka 18, miaka michache baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Ukitoa muda aliofundisha Chuo Kikuu cha Bayero kule Kano, Nigeria, mwanzoni mwa miaka ya 1980, maisha yake ya utu uzima yamepita Uingereza, mengi yakiwa Canterbury, alikofundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu mwaka 2017. Mtu wa namna hiyo anahamia saa ngapi?

Yuko ndugu yake, mhamaji, ambaye hana ile i ya kutendea. Huyo angetufaa, kwa sababu anatazamwa kutoka alikoondoka. Lakini wafugaji wamekwisha kumchukua: wahamaji ni Waturkana na Wagabra wanaofuata malisho, na kwao -ji ni halali kabisa, maana tendo lao linarudi kila msimu.

Mhamiaji, basi, ni neno la mwenye nyumba. Ni jina analopewa mtu na yule anayemfungulia mlango au anayekataa kuufungua, ndiyo maana makao yake makuu ni Idara ya Uhamiaji. Gurnah alifika Uingereza katika msimu mbaya wa kubandikwa jina hilo. Machi 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka ya ajabu Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola, na waliolengwa hasa walikuwa watu wa kwetu: Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza na waliokuwa wakifunga maduka, wapande ndege kabla mlango haujafungwa. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Aprili, Enoch Powell alitoa mjini Birmingham ile hotuba yake ya chuki dhidi ya wageni. Kijana wa Malindi (Malindi ya Unguja, si hii yetu ya Kilifi) alijifunza maana ya neno hilo mtaani kabla ya kukutana nalo katika kitabu.

Kamati ya Nobel yenyewe haikusema mhamiaji. Katika maelezo yake ilitaja athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi. Hapo Kiswahili kina utajiri ambao hatuutumii vya kutosha. Mkimbizi na mkimbiaji ni watoto wa kitenzi kimoja, wakatenganishwa na tamati. Mkimbiaji ana viatu, kocha na mkataba, na kwa kawaida ametoka upande wa Eldoret. Mkimbizi hana -ji. Yeye yumo katika ukoo wa mlezi, mlinzi, mpenzi na mjuzi, majina ya hali, ambayo hayahesabu tendo limefanywa mara ngapi. Mtu hukimbia usiku mmoja akabaki mkimbizi miaka thelathini. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na wamo humo watu wazima walioitwa wakimbizi tangu kuzaliwa, ambao hawajawahi kukimbia kokote.

Kwa hiyo kati ya haya mawili, mkimbizi lina ukweli zaidi. Lakini tazama linavyofanya kazi katika riwaya ya Gurnah iliyotoka mwaka 2001, By the Sea. Saleh Omar, mzee aliyewahi kuwa muuza samani Zanzibar, anatua uwanja wa ndege wa Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, naye anakijua vizuri sana. Mbele ya ofisa wa mpakani anatoa maneno mawili tu, la kujitambulisha kuwa mkimbizi na la kuomba kupokewa, halafu anakaa kimya. Ofisa, ambaye naye wazazi wake waliingia nchi hiyo kutoka kwingine, anapekua mzigo wake na kukuta kisanduku cha udi. Anakichukua.

Kwa Kiswahili cha ofisi zetu mzee huyo anaitwa mwomba hifadhi. Istilahi hii huchekwa, na si bila sababu, kwa kuwa hifadhi kwa wasikilizaji wengi ni Serengeti: mahali panapowekwa mipaka na askari ili tembo asipigwe risasi. Mtu na tembo wanaomba kitu kimoja. Lakini nenda chuoni, kwenye mikeka ya watoto, na hifadhi ni kazi nyingine kabisa. Mtoto anahifadhi Kurani, sura baada ya sura, mpaka msahafu mzima uwe kifuani na karatasi isihitajike tena. Neno moja limebeba kulindwa kwa mwili na kulindwa kwa kumbukumbu, na hadithi ya Saleh Omar imesimama hapo hasa. Ofisa anampa hifadhi ya kwanza, na kwa mkono huo huo anamnyang'anya ya pili, maana udi ule ndio uliokuwa umeshika miaka yake yote, na biashara yake, na pepo za kusi na kaskazi zilizoleta wafanyabiashara. Mwandishi aliandika kwa Kiingereza, ambako maneno hayo mawili hayahusiani. Msomaji wa Kiswahili anaona fundo ambalo msomaji wa London halioni.

Sasa nije kwa mlowezi, neno lililoharibikiwa kuliko yote. Kulowea ni kukaa mahali pa ugenini mpaka ukapazoea, ukasahau kurudi. Hakuna ubaya ndani yake. Bibi angeweza kusema mwanawe amelowea Mombasa, akiwa na huzuni kidogo tu. Kisha wakaja akina Delamere wakakaa Nyanda za Juu, tukawaita walowezi, na tangu hapo neno likashika harufu ya bunduki na ua wa seng'enge. Leo redio zinalitumia kwa walowezi wa Kiyahudi katika Ukingo wa Magharibi. Ukifuata kitenzi kilivyo, Gurnah ndiye aliyelowea Kent, na Delamere ndiye mhamiaji aliyeingia nchi ya watu. Matumizi yamewabadilishia majina. Mzungu aliyekuja kwetu alipewa jina lenye ardhi ndani yake. Mwafrika aliyekwenda kwao akapewa jina lenye foleni.

Na wako wasio na jina lolote linalowatosha. M. G. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akalelewa Dar es Salaam, akasoma Marekani, akaishia Kanada, ambako alishinda Tuzo ya Giller mara mbili, mwaka 1994 na 2003. Wazee wake walitoka Gujarat kabla yake. Kanada anaitwa mwandishi kutoka Afrika. Afrika tulimwita Mhindi. Serikali ya Kenya iliwatambua raia wenye asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44 ya nchi mwaka 2017, ukarimu uliochelewa karne nzima na zaidi, ukihesabu tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901.

Haya yote niliyasukasuka Luanda Kotieno, nikisubiri feri ya kuvuka kwenda Mbita. (Mtanzania angesema kivuko, na wa zamani pantoni, sisi tumeng'ang'ania feri.) Luanda kwa Dholuo ni mwamba, na Kotieno ni kwa Otieno, kwa hiyo mahali hapa ni kwenye mwamba wa kwao Otieno, mwisho kabisa wa ardhi ya Uyoma, kaunti ya Siaya, pale ambapo matatu za kutoka Ndori hukosa barabara ya kuendelea nayo. Wanawake wameanika omena juu ya nyavu kuukuu, wanazigeuza kwa mikono wakiinama toka kiunoni bila kupiga magoti, na harufu yake hupanda kwenye nguo ikakaa hapo hadi wiki ijayo. Mwenye biashara niliyekaa kivulini pake anajulikana gatini kote kuwa nyar Gwassi. Hilo si jina lake la ubatizo. Maana yake ni binti wa Gwassi, na Gwassi ni ng'ambo ile, upande wa Homa Bay, alikotolewa akaolewa huku.

Alitaka kujua ninaandika nini siku zote. Nikamweleza: kuna mtu alitoka kwao kijana, akaenda ng'ambo, akakaa huko mpaka mvi, akaandika vitabu juu ya kwao, akapewa zawadi kubwa kuliko zote. Tumwite nani?

"Huyo ni jadak, japuonj," akasema, akiniita mwalimu, bila kuacha kuchekecha.

"Hata na zawadi yote hiyo, mama?"

"Zawadi si ardhi." Akapuliza mapumba. "Lakini usimwite hivyo akisikia. Utamtukana bure."

Jadak, kwa wingi jodak, limetoka katika dak, kuishi. Kwa herufi ni mkaaji tu. Kwa sheria za Wajaluo ni kitu kizito zaidi: mtu anayeishi juu ya ardhi ya ukoo usio wake, kwa ruhusa ya wenye ardhi, weg lowo. Anaweza kuwa mkwe, rafiki, mpwa, au mtu aliyefukuzwa na njaa au ugomvi wa kwao. Analima, anajenga, anazaa. Wajukuu wake wanaweza kuzaliwa pale. Lakini ardhi haijawa yake, na siku atakapomkosea mwenyeji, au siku ardhi itakapopungua, atakumbushwa. Wanaanthropolojia wa enzi ya ukoloni waliliandika neno hili katika vitabu vyao vya sheria za kimila, na hadi leo halijastaafu. Linanong'onwa katika kesi za mipaka Siaya nzima, na wakati mwingine linatamkwa kwa sauti wakati wa uchaguzi.

Hebu linganisha. Mhamiaji linataja mwendo. Mkimbizi linataja sababu. Mlowezi lilitaja mazoea mpaka likageuzwa kutaja nguvu. Jadak halijali mtu alifikaje wala kwa nini. Linataja jambo moja: yuko hapa kwa idhini ya mwingine, na idhini haina tarehe ya kuisha wala dhamana ya kudumu. Nimesoma riwaya za Gurnah tangu ile ya kwanza, Memory of Departure ya mwaka 1987, na naona hilo ndilo somo lake. Safari zenyewe huzipitia haraka. Anakokaa na kukaa ni kwenye chumba baada ya safari, mtu akiwa amekwisha kufika na hajapokewa, akipima sauti yake, akichagua la kusema na la kufunika. Kipaji chake ni kuchambua udak, na anauona hata kwa waliobaki. Watu wake wa Pwani nao ni watoto wa waliofika: wa Hadhramaut, wa Komoro, wa bara. Baba yake mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Yemen. Pwani kulikuwa na neno la heshima kwa hao, mhajiri, la ukoo mmoja na Hijra ya Mtume ya mwaka 622, neno ambalo ndani yake kuondoka ni tendo la imani. Limebaki kwenye vitabu. Nani leo atasema kwamba fulani amehajiri Dubai kufanya kazi ya ulinzi?

Ziwa hili lenyewe lina kumbukumbu ndefu ya udak. Mwaka 1966 Grace Ogot, mwana wa Asembo, jirani na hapa, alitoa riwaya yake The Promised Land, mojawapo ya riwaya za kwanza za Kiingereza kuandikwa na mwanamke Mwafrika. Ochola anamchukua mkewe Nyapol kutoka Seme, wanavuka kwenda Tanganyika kutafuta ardhi yenye rutuba. Anaipata, anatajirika, na jirani mwenye wivu anamroga mpaka ngozi yake inaota miiba, ndipo wanaporudi mikono mitupu. Wahakiki wameisoma kama hadithi ya uchawi na kama hadithi ya ndoa. Ukiisoma hapa gatini ni hadithi ya jadak aliyesahau kwamba ni jadak. Ogot alijua ugeni kwa ngozi yake pia: alisomea uuguzi Uganda, akafanya kazi Uingereza, akatangaza katika BBC, kisha akarudi, na baadaye akaandika kwa Dholuo. Riwaya yake Miaha ilitoka mwaka 1983. Kurudi kwake katika lugha ya mama kulipata sifa ndogo kuliko iliyostahili, na hakuna tuzo ya ng'ambo iliyokuja kukaribia.

Na ukitazama ng'ambo kutoka hapa unaona Rusinga, na nyuma yake Mfangano, visiwa vya Wasuba. Wazee wao walifika kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda, wakiwa Wabantu wenye lugha yao. Leo wengi wao wanaongea Dholuo nyumbani, shuleni na kanisani, na Kisuba kimebaki kwa wachache. Mwandishi aliyezaliwa na Kiswahili akaandika kwa Kiingereza si kioja mbele ya watu hawa. Wanajua kwamba lugha ya mwenyeji huingia ndani ya nyumba taratibu kupitia watoto na soko, na kwamba mtu anaweza kuisema vizuri kuliko wenyewe bila kuwa mwenyewe.

Swali la nyar Gwassi la baadaye lilinishinda kulipita. Aliuliza: watamzika wapi? Kwa mgeni ni swali la ajabu kuuliza juu ya mtu aliye hai na anayeandika. Riwaya yake Theft ilitoka mwaka 2025. Kwa Siaya ni swali la istilahi. Wakili S. M. Otieno alipofariki Nairobi Desemba 1986, mjane wake alitaka kumzika shambani kwao karibu na jiji, na ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, huku Siaya. Kesi ilivuta miezi, nchi nzima ikiisikiliza, na kiini chake kilikuwa tofauti ya maneno mawili: nyumba, ambayo mtu anaweza kuwa nayo popote, na nyumbani, dala, ambako hawezi kujichagulia. Mei 1987 ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga. Kiswahili kinaitengeneza tofauti hiyo kwa silabi moja, -ni, na hakuna mkalimani wala hakimu anayeweza kuitafsiri vizuri zaidi. Gurnah ana nyumba Canterbury. Nyumbani kwake ni swali ambalo amelijibu kwa riwaya kumi na moja, na bado.

Silabi hiyo ndiyo iliyotumika pia katika jina la tafsiri ya riwaya yake maarufu ya mwaka 1994, Paradise, iliyoingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Kwa Kiswahili imeitwa Peponi. Humo mna mtoto, Yusuf, wa miaka 12, ambaye baba yake anadaiwa na tajiri wa misafara, na deni likikosa kulipika mtoto anatolewa. Yusuf anamwita tajiri huyo ami, kama alivyozoea akija kula kwao. Akifika dukani, mvulana mwenzake aliyetangulia anamkemea: si ami yako yule, muite seyyid. Kurasa chache, na neno la udugu limevuliwa hadharani. Mtoto amewekwa rehani. Kama kuna mahali Gurnah anaonyesha kwamba jina analoitwa mtu ni mkataba, ni hapo, na hapo hakuna bahari iliyovukwa wala pasipoti iliyogongwa muhuri. Yusuf ni jadak ndani ya nchi aliyozaliwa.

Shule zetu zinalijua jambo hili kwa jina jingine. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa katika kidato cha nne kwa miaka kadhaa, mtoto mgeni shuleni anaitwa mfuata mvua. Wanafunzi walilikariri kwa ajili ya mtihani, na natumaini wachache waliligundua mitaani mwao. Lina dharau nzuri, ikiwa dharau inaweza kuwa nzuri: anayefuata mvua hakuileta, na ikikatika ataifuata kwingine.

Tuzo nayo ina lake la kusema, kwa kupita. Ni mtoto wa kutuza, na Pwani kutuza ni kumtia mwimbaji noti mkononi akiwa bado anaimba, mbele ya watu. Huku kwetu mambo ni kinyume. Kwenye ngoma ya ohangla mtu hutoa pesa ili isimamishwe na yeye ajisifu, na tunakuita huko pakruok. Alfred Nobel, mvumbuzi wa baruti ya kupasulia miamba, alilipa mara moja tu na ngoma inasimama kwa jina lake kila Oktoba hadi leo. Gurnah alipata krona milioni 10 za Sweden. Aliyefanyiwa pakruok ni Nobel.

Jambo moja la mwisho kutoka mezani mwa mhariri. Gurnah ameeleza kwamba wachapishaji wa Kiingereza hupenda maneno ya kigeni yawekwe katika herufi za mlazo au yafuatwe na faharasa, naye hapendi. Vitabu vyake vina Kiswahili ndani, na anataka kikae wima kama maneno mengine, bila sare ya wageni. Huo ndio msimamo wa kisiasa ulio wazi kuliko yote aliyochukua, na ameuchukua kwenye chapa. Inashangaza kwamba sisi, wenye hayo maneno, tunamgeukia mwenyewe na kumwandika kwa mlazo: mhamiaji.

Badala yake niweke nini? Jadak ni kweli, lakini nyar Gwassi alikwisha kunionya, na ana haki: ni neno la kumweleza mtu, si la kumwita. Lakini jina lake yeye ndilo jibu. Wajaluo humwita mke kwa alikotoka, nyar Gem, nyar Alego, nyar Gwassi, na humwita hivyo mpaka anazeeka katika boma la mumewe. Kila anayemwamkia anataja mahali pawili kwa pumzi moja, kule alikotolewa, ambako jina linapataja, na huku aliko, ambako jina linatamkiwa. Haonekani kuwa njiani. Anaonekana kuwa na kwao pawili, na hakuna anayemuuliza amechagua papi. Kiswahili kinaweza kufanya hivyo bila kukopa kitu, kwa nisba na kihusishi cha wa. Tulimwita Shaaban Robert mtu wa Tanga bila kumpotezea Kiswahili chote.

Kwa hiyo wahariri, mkiandika juu yake tena, andikeni Mzanzibari wa Canterbury. Kama nafasi ya kichwa cha habari ni finyu, andikeni Gurnah peke yake, anajulikana sasa. Mhamiaji muwaachie wa dirisha la pasipoti. Na msomaji ambaye hajamsoma kwa sababu ya Kiingereza hana tena kisingizio: Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022.